Kununua Helikopta ya Kujiundia Iliyotumika: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Tarime na Serengeti

Helikopta ya kujiundia ni ile ambayo kiwanda huiuza ikiwa vipande, na mnunuzi wa kwanza akaiunganisha mwenyewe nyumbani kwake. Kiwanda hutoa fremu, mapanga, giaboksi na mara nyingine injini. Kazi ya kupima, kutoboa, kukaza na kuvuta nyaya humwangukia mwenye mali. Nchini Marekani, ambako nyingi za mashine hizi hutoka, sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda iwe imefanywa na mtu aliyeifanya kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Ndiyo maana katika rejista ya vyombo vya anga ya nchi hiyo, pale ambapo kwa helikopta ya kiwandani pangesomeka Robinson au Bell, mara nyingi husomeka jina la mtu binafsi. Huyo ndiye kiwanda. Anayenunua chombo chake mkono wa pili ananunua umakini wake au uzembe wake, na hakuna kampuni itakayobeba lawama baadaye.

Chombo cha aina hii kisichanganywe na helikopta za kubuniwa na mafundi wa mtaani, kama ile iliyoundwa Tunduma mkoani Songwe ikavuta vyombo vya habari. Helikopta ya vipande vya kiwandani ina michoro, ina namba ya mfululizo, na ina ndugu zake wengi waliokwisha kuruka na wengine kuanguka, hivyo tabia yake inajulikana.

Zinazoonekana zaidi kwenye matangazo ni chache. RotorWay Exec, hasa toleo la 162F, ni ya viti viwili na ilitengenezwa Chandler, Arizona, na kampuni iliyoasisiwa na B. J. Schramm. Safari, yenye asili ya Kanada, ina sura ya Bell 47 ya zamani, mkia wa mabomba matupu na kioo cha mviringo mbele. Mosquito ni ya kiti kimoja, na mwenye kilo nyingi hatakiwi hata kuiulizia. Helicycle nayo ni ya kiti kimoja lakini hutumia injini ndogo ya tabini. CH-7 ya Italia hutumia injini ya Rotax, na katika matangazo ya Ulaya ndiyo hutokea mara kwa mara.

Mwinuko kwanza, bei baadaye

Tarime na Mugumu, mji wa wilaya ya Serengeti, ziko katika nchi ya mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilima vikiwekwa kando, hata uwanja wa Seronera ndani ya Hifadhi ya Serengeti uko katika kimo hicho hicho. Jambo hili huamua ununuzi kuliko rangi, saa za injini au bei, na ndilo ambalo muuzaji wa Florida, anayeishi karibu na usawa wa bahari, hana sababu ya kulifikiria.

Hewa ya mwinuko ni nyepesi, na jua likipanda huzidi kuwa nyepesi. Kwa hesabu ya kawaida ya marubani, katika mita 1,500 joto linalotarajiwa ni nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo huongeza takriban mita 36 kwenye mwinuko ambao injini na mapanga hujikuta vipo. Alasiri ya nyuzi 28 huzidi kwa nyuzi 23, yaani mita 800 na ushee. Helikopta iliyosimama kwenye nyasi za Tarime saa tisa alasiri hufanya kazi kama iliyo kwenye mita 2,300. Injini ya nguvu za farasi 150 isiyo na tabo hubakiwa na 115 hivi.

Sasa zichukuliwe namba za RotorWay Exec 162F kama mtengenezaji alivyozitangaza. Ikiwa na watu wawili, uwezo wake wa kuelea karibu na ardhi, pale upepo wa mapanga unapogonga chini na kusaidia kuinua, huishia futi 7,000, sawa na mita 2,130. Uwezo wa kuelea juu, mbali na msaada huo wa ardhi, huishia futi 5,000, sawa na mita 1,520. Alasiri ya Tarime imevuka yote mawili. Asubuhi ya nyuzi 16 mwinuko wa hesabu hushuka hadi karibu mita 1,900: helikopta itainuka kutoka ardhini na watu wawili, ila haitaweza kusimama hewani juu ya mti au juu ya boma. Rubani akiwa peke yake na mafuta nusu tangi, hali hubadilika na mashine huwa na pumzi ya kutosha.

Uzito nao uhesabiwe kwa kalamu. Exec 162F tupu ina kilo 442 hivi, na uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 680. Hubaki kilo 238. Tangi la lita 64 likijaa huchukua kilo 46, zikabaki 192 kwa watu na mizigo. Watu wawili wa kilo 85 kila mmoja wanaingia, na bado kuna nafasi ya begi. Lakini hesabu hiyo ni ya uwanda wa pwani. Mnunuzi wa Gorong'a wilayani Tarime anayekusudia kumpakia mkewe, mtoto na gunia la mahindi anataka chombo kingine kabisa. Na mjengaji asiye makini huongeza uzito bila kuandika: redio ya pili, viti vya ngozi, rangi ya mikono mitatu. Karatasi ya uzito na mizania ya chombo chenyewe, si ya brosha, ndiyo ya kuombwa kwa muuzaji siku ya kwanza.

Kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa

Ofisi ya kwanza kwa mnunuzi wa Tanzania ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ziara hiyo hufanywa kabla ya kumwandikia muuzaji. Chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, cheti cha ubora wa chombo cha anga kilichotolewa na nchi moja kwa kufuata viwango vya kimataifa hutambuliwa na nchi nyingine wanachama. Helikopta ya kujiundia haina cheti hicho. Ile ya Marekani huwa na cheti maalumu cha chombo cha majaribio, na ndani ya kabini hubandikwa tangazo la kumwonya abiria kwamba chombo kimeundwa na mtu binafsi na hakikidhi viwango vya usalama vya vyombo vya kawaida. Cheti hicho nguvu yake ni ya Marekani. Kikivuka bahari hakimlazimishi mtu yeyote, na TCAA inaweza kukataa, kukubali kwa masharti, au kudai nyaraka ambazo mjengaji hakuwahi kuzitunza.

Kwa hiyo swali linalopelekwa TCAA liwe la maandishi na liwe mahususi: aina ya chombo, mwaka wa kuundwa, namba ya mfululizo, injini, na matumizi yanayokusudiwa. Jibu pia lidaiwe kwa maandishi. Neno la mdomo la ofisa aliyekutwa ukumbini halisajili helikopta, na halitakuwepo ofisa huyo akihamishwa. Chombo kikikubaliwa, kitaandikishwa kwa alama za Tanzania zinazoanza na 5H; kilichosajiliwa Kenya huanza na 5Y, na cha Marekani huanza na herufi N.

Ndoto ya kubeba watalii Serengeti ifutwe mapema. Masharti ya Marekani yenyewe yanakataza chombo cha namna hii kubeba watu au mizigo kwa malipo, na nchini Tanzania usafiri wa anga wa biashara unahitaji cheti cha uendeshaji kutoka TCAA ambacho hakitolewi kwa mtu mwenye helikopta moja aliyoipata kwenye tangazo. Matumizi halali yanayobaki ni ya mwenyewe. Hata hayo yana mipaka yake: kuruka juu ya hifadhi na kutua humo kunahitaji ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na mpaka wa Kenya uko karibu kiasi kwamba rubani anayezunguka kuipata Sirari anaweza kujikuta upande wa Isebania bila kutoa taarifa. Katika eneo ambalo helikopta hutumika kuwasaka majangili, chombo kisichojulikana kinachoruka chini chini hutiliwa shaka haraka. Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa kwa risasi za majangili wa tembo akiwa katika helikopta juu ya Pori la Akiba la Maswa. Mbingu za huko si za kuchezea.

Leseni ni suala lingine. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa leseni ya rubani binafsi wa helikopta ni saa 40 za kuruka, au 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa, na mafunzo hayo hayafanywi kwenye chombo kipya alichonunua mwanafunzi mwenyewe. Rubani wa Cessna mwenye saa 1,000 bado ni mwanafunzi akikaa kwenye helikopta.

Kusoma tangazo

Tangazo zuri huwa na mambo ambayo muuzaji asingeyasema kama asingekuwa na uhakika nayo: alama za usajili, namba ya mfululizo wa fremu na injini, jumla ya saa, tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa mwaka, na orodha ya vilivyobadilishwa. Tangazo baya husema "iko kama mpya, haijatumika sana" na kuweka picha nne za machweo. Kutotumika sana si sifa kwa helikopta. Mashine iliyoruka saa 60 katika miaka 15 imekaa muda mwingi bila kuzunguka. Mpira wa mikanda umekakamaa, mihuri ya mafuta imekauka, na unyevu umepata nafasi ndani ya beringi. Aliyeruka saa 40 kila mwaka na kuandika kila kitu huuza chombo kilichochakaa zaidi kwa macho na salama zaidi kwa mwili.

Alama za usajili zikishapatikana, kazi inayofuata haigharimu senti. Rejista ya Marekani iko wazi mtandaoni; ikiandikwa namba N huonekana jina la aliyeunda, mwaka, aina ya cheti, mmiliki wa sasa, na kama usajili umekwisha muda au umefutwa. Uingereza nayo ina rejista ya wazi. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani huweka hadharani ripoti za ajali, zinazotafutwa kwa alama hizo hizo. Helikopta iliyopinduka mwaka fulani kisha ikajengwa upya si lazima iachwe, lakini muuzaji aliyelificha jambo hilo aachwe. Jina la muuzaji likitofautiana na la mmiliki aliye kwenye rejista, hati ya mauzo ya katikati itolewe kabla ya mazungumzo kuendelea.

Picha zisomwe kama ushahidi. Saa inayohesabu muda wa injini huonekana kwenye dashibodi. Namba yake ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye tangazo na kwenye daftari. Sakafu chini ya mashine itazamwe kama ina doa la mafuta. Waya zilizofungwa kwa utepe wa umeme badala ya vibanio, boliti zilizozidi urefu, na nati zisizo na rangi ya alama ya ukaguzi husema mengi kuhusu sehemu ambazo hazikupigwa picha. Muuzaji aombwe simu ya video, aiwashe injini ikiwa ya baridi, na aonyeshe karatasi yenye tarehe ya siku hiyo ikiwa imeshikwa mbele ya alama za usajili. Anayedai kwamba yuko kazini kwenye meli, na kwamba helikopta iko kwa wakala wa usafirishaji ikisubiri malipo tu, ni tapeli. Hadithi hiyo ni ile ile iliyokwisha kuwaliza watu kwenye magari na matrekta.

Madaftari ya mjengaji

Katika mnada wa ng'ombe Tarime hakuna anayelipa kabla hajamfungua mnyama mdomo akatazama meno, akamtembeza, na akaona kibali chake. Helikopta ya kujiundia ina meno yake, nayo ni madaftari. Yanatakiwa mawili kwa uchache. La kwanza ni la ujenzi: picha za hatua kwa hatua, tarehe, vipimo, majina ya waliosaidia, na kilichokosewa kikarudiwa. La pili ni la matengenezo, linaloanzia siku ya kwanza ya kuruka.

Mjengaji wa Marekani hutakiwa kumaliza kipindi cha majaribio, kwa kawaida saa 40, au 25 ikiwa injini ni ya aina iliyoidhinishwa, kabla hajaruhusiwa kupakia abiria. Saa hizo zionekane zimeandikwa moja moja, pamoja na mitetemo iliyopimwa na mapanga yaliyosawazishwa. Daftari lenye kurasa kumi zilizoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja na siku moja, halina thamani ya karatasi zake.

Ipo tofauti kubwa hapa na mashine za kiwandani. Robinson R22 ina ratiba isiyo na mjadala: saa 2,200 au miaka 12, kisha inafunguliwa yote. Kwenye mashine ya vipande, mtengenezaji hutoa ukomo wa sehemu fulani, na utii humtegemea mmiliki. Mnunuzi aandike jedwali lake: kila sehemu yenye ukomo, saa ilizokwisha kufanya, saa zilizobaki, na bei ya mpya. Pale ambapo muuzaji hana rekodi, sehemu hiyo ihesabiwe kuwa imekwisha, na bei ipunguzwe kwa kiasi hicho. Muuzaji akikasirika, hesabu imegusa pale pale.

Wajengaji pia hupenda kuboresha. Mmoja hutoa cheni akaweka mkanda, mwingine hubadilisha mfumo wa moto, wa tatu hufunga tabo. Baadhi ya maboresho hayo ni mazuri kuliko ya kiwanda. Tatizo ni kwamba michoro ya kiwanda haiyajui, na fundi atakayeitwa Tarime miaka miwili baadaye atakuwa na kitabu kinachozungumzia mashine nyingine. Boresho lisilo na mchoro wake lihesabiwe kuwa hasara.

Kuikagua kwa mikono

Hakuna ununuzi bila mkaguzi kusimama mbele ya chombo. Nauli ya mnunuzi mwenyewe kwenda Marekani au Ulaya ni ndogo ikilinganishwa na bei. Ikishindikana, aajiriwe fundi mwenye leseni anayeijua aina hiyo hasa, asiyechaguliwa na muuzaji wala kulipwa naye. Fundi stadi wa Cessna atakagua injini vizuri na kupita mbele ya kichwa cha rota bila kujua anachokitazama.

Kwa RotorWay Exec, macho huanza kwenye njia ya nguvu. Injini huzungusha mikanda, mikanda huzungusha mhimili wa pili, na mhimili huo huvuta cheni iliyo ndani ya mafuta inayogeuza nguzo ya rota kuu. Rota ya mkia nayo huzungushwa na mikanda mitatu ya mpira inayopokezana kuelekea nyuma. Mkanda ukikunjwa kwa vidole, upande wa ndani ukionyesha nyufa ndogo kama za tope lililokauka, umekwisha. Unga mweusi pembeni mwa puli maana yake puli hazijanyooka. Mafuta ya cheni yamwagwe kwenye chombo cheupe na sumaku ipitishwe ndani: vumbi laini la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyong'aa vya kuonekana kwa jicho si vya kawaida. Beringi za mhimili wa pili na historia yake ziulizwe peke yake, kwa sababu ni kiungo ambacho wamiliki wa aina hii hukichunga kuliko vingine.

Mapanga yaliyounganishwa kwa gundi hukaguliwa kwa sarafu. Mkaguzi hugonga taratibu kutoka shina hadi ncha, sentimita baada ya sentimita, akisikiliza. Sauti kavu na kali ni ya bati lililoshikana. Sauti ikigeuka kuwa ya bubu, kama ya kugonga debe lenye pengo, gundi imeachia chini yake. Kazi hii huchukua muda, na muuzaji mwenye haraka huichukia. Panga lililoachia halirekebishwi kijijini, na panga moja likibadilishwa mara nyingi hubidi yabadilishwe yote mawili.

Injini ipimwe mgandamizo silinda moja moja. Kwa kipimo cha kawaida cha injini za ndege, hewa ya shinikizo la psi 80 huingizwa na kinachobaki husomwa: 75 ni afya njema, chini ya 60 ni kazi kubwa inayokuja. Toleo la 162F lina kompyuta za kusimamia mafuta na moto, na zote mbili zijaribiwe, moja ikizimwa nyingine ibebe. Mwisho ni kuruka, akiwa rubani anayeifahamu aina hiyo na mnunuzi au mkaguzi pembeni.

Fedha na hati

Kishika uchumba kitolewe kwa mkataba unaosema wazi kuwa kitarudishwa chombo kikishindwa ukaguzi, au visipopatikana mchoro na daftari vilivyoahidiwa. Salio lisitumwe kwenye akaunti binafsi. Kwa chombo kilichosajiliwa Marekani yapo makampuni ya Oklahoma City, mji uliko ofisi ya rejista, ambayo kazi yao ni kushika fedha za mnunuzi mpaka hati ziwe safi, na hutafuta pia kama chombo kimewekwa rehani. Mnunuzi ndiye achague kampuni hiyo na kuipigia kwa namba aliyoitafuta mwenyewe. Wapo vishoka wanaotengeneza tovuti ya kampuni ya kushika fedha kwa ajili ya mteja mmoja tu.

Hati zinazotakiwa mkononi ni hati ya mauzo, madaftari ya asili na si nakala, karatasi ya uzito na mizania, michoro, kitabu cha rubani, na uthibitisho kwamba usajili wa zamani umefutwa kwa ajili ya kuuzwa nje. TCAA haiwezi kusajili chombo ambacho bado kiko kwenye rejista ya nchi nyingine.

Kusafirisha hadi Tarime

Kiwiliwili cha Exec kina urefu wa mita 6.7 hivi na kimo cha karibu mita 2.4. Kontena la futi 20 ndani halifiki mita 6, hivyo halitoshi; mlango wa kontena la kawaida la futi 40 una kimo cha mita 2.28, nao hautoshi mpaka nguzo ya rota ishushwe. Kontena refu la kimo cha ziada ndilo linalofaa. Mapanga husafiri katika kreti yao, yakishikiliwa kwa vitanda vya sponji, na hakuna kinachowekwa juu yake. Mbao za kreti ziwe na muhuri wa ISPM 15, unaoonyesha kuwa zimetibiwa dhidi ya wadudu. Tangi likaushwe, betri itangazwe. Mnunuzi apige picha kila kiungo kabla hakijafunguliwa, na boliti za kila sehemu ziwekwe mfuko wake wenye jina.

Njia ni mbili. Bandari ya Dar es Salaam huacha zaidi ya kilomita 1,300 za barabara hadi Tarime. Mombasa ni karibu zaidi, kama kilomita 900 kupitia Nairobi na Kisii, lakini mzigo hupita Kenya chini ya dhamana ya forodha hadi Sirari, na kila karatasi yenye kosa husimamisha lori mpakani. Kwa mzigo wa aina hii unaoonekana mara moja kwa miaka, njia fupi yaweza kuwa ndefu.

Wakala wa forodha asishawishiwe kuandika "spea" kwenye nyaraka. Kwa kanuni za kimataifa za uainishaji wa bidhaa, kitu kizima kilichofunguliwa huhesabiwa kuwa kizima, na helikopta ndogo ina fungu lake, 8802.11. Kodi iulizwe Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa fungu hilo na kwa maandishi kabla meli haijang'oa nanga. Tamko la uongo linaweza kuugharimu mzigo wenyewe.

Baada ya kufika

Kuunganisha upya kunatakiwa kusimamiwa na mhandisi wa ndege mwenye leseni inayokubaliwa na TCAA, na aliyeunda akikubali kuja, nauli yake ni fedha iliyotumika vizuri. Mapanga yasawazishwe upya hata kama hayakuguswa. Baada ya saa chache za mwanzo nati zikazwe tena kwa kipimo na mafuta yamwagwe.

Banda liwe na sakafu ya saruji na mlango unaofungwa. Panya hupenda nyaya, na nyigu hujenga ndani ya bomba la kupimia mwendo ndani ya siku mbili. Bomba lifunikwe kila mara chombo kinapotua. Mahali pa kutulia pawe mbali na nyumba za bati na zizi, maana vumbi la kiangazi hufunika macho ya rubani wakati huo huo anaohitaji kuiona ardhi. Mafuta ya ndege ya pistoni hayapatikani kila kiwanja, hivyo uwezo wa injini kutumia petroli ya gari uthibitishwe kwenye kitabu cha mtengenezaji. Ndege wakubwa wasidharauliwe: Januari 1959 Michael Grzimek alikufa katika eneo la Serengeti baada ya ndege yake ndogo kugongana na tumbusi, na anga hilo bado lina tumbusi wengi.

Kwa mkazi wa Tarime au Serengeti aliye mbali na karakana, kati ya mashine zilizotajwa, Safari yenye injini ya Lycoming ndiyo ya kufikiriwa kwanza, kwa sababu mafundi wa Arusha na wa uwanja wa Wilson Nairobi wanaijua injini hiyo kutokana na Cessna na Robinson wanazozihudumia. RotorWay ina injini yake peke yake, na inamfaa mwenye spana mkononi na subira ya kungoja spea kutoka nje. Mwenye nia ya kuruka alasiri na abiria, katika mwinuko huu, asinunue mojawapo bila kwanza kuona jedwali la kuelea la chombo chenyewe kwa mita 2,300. Na asitume hata kishika uchumba kabla hajapata barua ya TCAA.